Mshipi wa Nyuzi za Tairi

Kabera, karani wa depo ya malori, alikuja kwa miguu. Hicho peke yake kingetosha kumshtua Médiatrice, kwa sababu mzee huyo hakuwa na desturi ya kupanda kilima cha Gatsata kwa miguu. Siku zote alipita ndani ya pikapu ya kampuni, mkono mmoja nje ya dirisha, akisalimia kila mlango na kupiga honi. Lakini Alhamisi ile ya Machi 1992, saa tisa alasiri, Médiatrice alikuwa ameinamia cherehani barazani akimalizia kola za sare ya kwaya, na aliponyanyua uso alimwona Kabera amesimama hatua tatu mbele yake, kofia mkononi, vumbi limempanda hadi magotini.

"Mama yuko?"

"Amejinyoosha kidogo ndani. Karibu ukae, mzee."

"Sikai, binti yangu." Aliizungusha kofia mara mbili. "Simu imetoka Dar es Salaam. Viateur ametutoka."

Mguu wa Médiatrice uliendelea kukanyaga. Sindano iliimaliza kola, ikatoka kwenye kitambaa, ikashona hewa. Aliisikia ikigonga chuma lakini mguu haukukubali kusimama.

"Ni daraja?" aliuliza. "Ni pale Rusumo? Lori limetumbukia Akagera?"

"Lori liko salama bandarini. Ni yeye. Alikwenda baharini kuvua samaki, siku ya Jumanne. Maji yamemchukua."

"Mshipi ulikatika?"

Kabera alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. "Unasema?"

"Uzi wake wa kuvulia, mzee. Ulikatika au haukukatika?"

"Binti yangu, mimi nimeambiwa tu kwamba amekufa. Mambo ya uzi siyajui."

Ndani, kitanda kililia. Sauti ya Pudentienne, mama yao, ikatoka dirishani: "Ni Kabera huyo? Mbona leo hajatupigia honi? Amegombana na gari?"

Kabera alivaa kofia, akaivua tena.

Viateur alikuwa mtoto wa kwanza wa Pudentienne. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na miwili kati ya hiyo aliipitisha kwenye usukani wa lori. Yeye na Médiatrice, dada yake, walikulia Buyenzi, kule Bujumbura, ambako baba yao alishona viatu. Kiswahili walichozungumza nyumbani walikitoa huko, pamoja na tabia moja ambayo mama yao hakuisamehe: kula samaki. Pudentienne ni mtu wa milimani. Aliishi miaka kumi na minne kando ya Ziwa Tanganyika, na hakuna hata dagaa mmoja aliyevuka meno yake. "Ng'ombe anakula majani," alikuwa akisema. "Mbuzi anakula majani. Kuku nisiyempenda, hata yeye naona anachodonoa. Samaki, nani amemwona anachokula?"

Mwanawe hakusikia. Alipokuwa na miaka tisa tayari alijua kukaa juu ya mawe ya ziwa, mshipi umefungwa kitanzi kwenye kifundo cha mkono, kofia imefunika uso, amelala. Ndivyo walivyovua watoto wa Buyenzi. Hukuwa na haja ya kukesha macho. Samaki mwenyewe atakuvuta mkono uamke. Ziwa lile linakaa pale pale ulipoliacha. Ukilala juu ya jiwe kavu, unaamka juu ya jiwe kavu.

Baba yao alipofariki, mjane aliwarudisha watoto Kigali, wakapata nyumba ya vyumba vitatu Gatsata, juu ya barabara inayoshuka Nyabugogo. Viateur alianza kwa kuosha malori, akawa utingo, akawa dereva. Alikwenda Mombasa na kurudi mara zisizo na hesabu, hadi Oktoba 1990, vita vilipoifunga barabara ya kaskazini. Tangu hapo malori yalizunguka upande wa Rusumo, yakavuka Tanzania nzima hadi bandari ya Dar es Salaam, na huko yakasubiri. Foleni ya mizigo ilikuwa ya wiki mbili, tatu, mara nyingine mwezi. Posho iliisha wiki ya kwanza. Madereva wengine walilala chini ya malori yao na kucheza karata. Viateur aliiangalia bahari, akaona Tanganyika iliyotiwa chumvi. Kosa lilianzia hapo, ingawa hakuna aliyelijua.

Mshipi wa dukani ulimshinda bei. Ndoana za dukani pia. Kwa hiyo kila aliporudi nyumbani kupumzika, alifanya kazi ya kutengeneza zana zake mwenyewe, na Gatsata palimfaa, kwa kuwa gereji zimejaa huku na huku na alivyotupa fundi mmoja ndivyo alivyohitaji Viateur. Spoki za baiskeli alizipasha moto kwenye jiko la makaa hadi zikawa nyekundu, akazipinda kwa koleo, akazichonga ncha na kijino kwa tupa, kisha akazitumbukiza zingali za moto ndani ya oili chafu ili zipate ugumu. Hizo zikawa ndoana. Plagi za magari zilizokufa zikawa chubwi, yaani vile vizito vya kuuzamisha mshipi. Kopo la maziwa ya unga likawa la kukunjia.

Mshipi wenyewe ulitoka kwenye matairi. Tairi la lori likipasuka, ndani yake mna nyuzi za nailoni, nyembamba, za rangi ya chai. Viateur alizivuta moja moja kwa koleo, na Médiatrice akazisokota. Ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja anashika ncha, mwingine anazungusha. Nyuzi tatu zikawa kamba moja, kisha kamba ikapakwa nta ya vipande vya mishumaa alivyopewa Médiatrice na mtunza sakristia. Ili kipimo kisipotee, alisokota huku akisali. Salamu Maria kumi kwa kila pima moja. Rozari nzima ilitoa pima tano, na mshipi wa Viateur ulikuwa na pima arobaini.

"Mshipi huu hauvui samaki wa kawaida," Viateur alimtania. "Utavua maaskofu."

"Funga mdomo, shika ncha."

Siku moja aliukata mpini wa kijiko cha mama yake cha aluminiamu, akausugua mchanga hadi ukang'aa, akautoboa tundu. Alisema samaki wakubwa wa baharini huona kitu kinachomeremeta wakadhani ni samaki mdogo. Pudentienne alikaa kula mchana, akanyanyua kijiko kisicho na mkia.

"Nani amekula kijiko changu?"

"Samaki, mama," alijibu Viateur. "Ulikuwa unauliza wanakula nini."

Alikimbizwa hadi barabarani na ubao wa kufulia, dereva mzima wa tani thelathini, na mafundi wa gereji wakatoka kushangilia. Pudentienne alicheka siku tatu baadaye, peke yake, jikoni. Médiatrice alimsikia.

Kila safari alirudi na kiroba cha samaki wa chumvi. Mama hakukiruhusu kupita kizingiti. Viateur alikipeleka kwa masista wa parokia, na wakati wa Kwaresima masista walikuwa wakiulizia, kwa adabu, lori liko wapi.

Januari ile ya 1992 alirudi na jambo jipya. Mzee mmoja mvuvi wa Msasani, aliyemwona akipoteza zana kwenye matumbawe, alikuwa amemfundisha kuifunga chubwi kwa uzi mwingine, uzi wa kushonea nguo, dhaifu, badala ya kuifunga kwa mshipi wenyewe. Médiatrice alikuta chubwi sita kwenye kopo zimefungwa hivyo. Viateur hakumweleza kwa nini. Hakuwa mtu wa maelezo, na pengine aliona ni jambo dogo. Médiatrice alichokiona ni uzi wake mweupe wa cherehani, uliochukuliwa bila kuombwa, na kazi iliyofanywa kivivu. Tena alijua chubwi nane zilikuwa zimebaki baharini safari iliyopita. Aliyezunguka gereji kuziokota na kuzichokonoa matundu ni yeye.

Mchana wa kuondoka, Viateur alipokuwa depo akikagua breki, Médiatrice alifungua kopo. Alikata nyuzi zote sita. Alizifunga chubwi upya kwa nyuzi za tairi, fundo mara tatu, nta juu yake. Alivuta kila moja kwa nguvu zake zote, mguu ukiwa ukutani. Hakuna iliyolegea. Aliridhika kama mtu aliyeziba bomba linalovuja.

Alimwambia lori lilipokuwa limeshawashwa. "Chubwi zako nimezirekebisha! Safari hii hutapoteza hata moja!"

Viateur alifungua kopo juu ya magoti yake, akaangalia, akacheka. "We fundi! Mzee wa Msasani atanigombeza."

"Mwambie aje agombane na mimi."

"Nitamwambia." Akafunga kopo, akafanya ishara ya msalaba kama alivyofanya kila safari, akaondoka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Médiatrice Alhamisi ile, tangu Kabera alipotaja bahari, na sasa alielewa kwa nini mzee wa Msasani angegomba: uzi ule dhaifu uliwekwa ili ukatike chubwi ikinasa.

Jioni hiyo nyumba ilijaa. Ikiriyo, mkesha wa msiba, ilianza bila mwili: mikeka barazani, moto uani, wanakwaya waliokuja na sare zisizo na kola. Pudentienne hakulia. Alikaa kwenye kiti kidogo, mikono juu ya magoti, na kila aliyeinama kumpa mkono alimwuliza swali moja.

"Nini kilimshika?"

Watu walijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, au bahari haina huruma.

"Sikuuliza hilo. Mwanangu anajua kuogelea. Amekulia majini, mjinga yule. Maji hayawezi kumchukua hivi hivi. Kuna kitu kimemshika. Nini?"

Alimwuliza padri pia. Padri alimshika mkono kwa muda mrefu akasema hajui. Pudentienne akamshukuru kwa kutomdanganya.

Médiatrice alipika, akafua, akapokea wageni. Vitu vilimponyoka. Alimwaga chumvi kwenye chai ya birika zima, watu wakainywa kimya. Akipiga magoti kusali rozari, vidole vilitaka kuzungusha. Kila Salamu Maria ilikuwa na mkono wa Viateur upande wa pili, ameshika ncha, na alipofika ya kumi alijikuta ananyoosha mikono kupima pima. Aliiacha rozari juu ya kabati. Kwa siku sita hakusali, mtu ambaye hakukosa misa ya asubuhi tangu kipaimara.

Jumatano lori lilifika. Lilikuwa la Évode, dereva mwenzake Viateur, rafiki wa miaka yote, mtu mwembamba mwenye kigugumizi kidogo. Sanduku lilikuwa katikati ya mifuko ya saruji, limefungwa turubai. Ndani ya mbao lilizibwa kwa bati na kuchomelewa pande zote. Tangu mpakani hadi mjini Évode alikuwa amesimamishwa kwenye vizuizi vinne, na kwenye kimojawapo askari alitaka lifunguliwe. Alimwambia, "Afande, fungua wewe, mimi nimeshamwona." Askari alirudi nyuma.

Wanaume waliliingiza sebuleni. Pudentienne aliweka kiganja juu ya mbao.

"Lifungueni."

"Haiwezekani, mama," alisema Évode. "S-serikali ya kule imeziba. Ni sheria."

"Sasa nitajuaje ni yeye?"

"Ni yeye. Mimi nimemwosha kwa mikono hii."

Mama alimtazama. Siku sita za swali moja zilipata mtu wa kujibu. "Wewe ulikuwa naye?"

"Tulikuwa wote bandarini, mama."

"Siku ile. Saa ile. Ulikuwa wapi?"

Évode aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nimelala. Chini ya lori."

"Umelala." Pudentienne alitikisa kichwa taratibu. "Ametoka peke yake kwenda kwenye maji, na wewe umelala. Miaka kumi umekula kwenye sahani yangu, Évode." Akageukia wanaume waliosimama mlangoni. "Kesho tunazika. Huyu asishike sanduku la mwanangu. Aje kama watu wengine, akae nyuma."

Évode hakujitetea. Alitoka uani, akasimama karibu na tangi la maji. Médiatrice alimfuata na kikombe cha chai ambacho mtu aliyesafiri siku sita hakukitazama hata.

"Niambie yote," alisema. "Usinifiche kama mtoto."

Alimwambia. Jumanne ile asubuhi Viateur alitembea kwenye mwamba wakati maji yamekupwa. Maji ya bahari hutoka na kurudi, alieleza, mara mbili kwa siku, na siku za mwezi mpevu hurudi juu sana na haraka. Viateur alilijua hilo, aliambiwa. Lakini alizoea kukaa. Alifunga kitanzi mkononi.

"Kama Bujumbura," alisema Médiatrice.

"Kama Bujumbura. Wavuvi walimkataza mara ngapi! 'Kaka, bahari haifungwi mkononi.' Anacheka tu. Sasa maji yakaanza kurudi, na mshipi ukanasa chini, kwenye matumbawe. Akavuta. Haukutoka. Kitanzi kikakaza, uzi umelowa, fundo halifunguki. Kisu alikiacha ufukweni, kwenye chambo. Watu walimwona wakadhani amepata samaki mkubwa." Évode alifuta uso kwa mkono wa shati. "Walikuwa wanampigia makofi, Médi. Wanamshangilia. Walipoelewa, maji yalikuwa yameshapita kifua, na mtumbwi ulikuwa mbali."

Médiatrice alishika ukingo wa tangi. Makofi. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Kilichonasa ni nini?" aliuliza. "Ndoana au chubwi?"

"Nani anajua? Walikata kwa panga ili wamtoe. Sehemu ya chini ilibaki huko huko. Lakini uzi ule!" Na hapo, kwa kutaka kumfariji, mtu yule mwema alisema neno baya kuliko yote. "Wavuvi walibaki wanaushangaa. Watu wawili waliuvuta huku na huku, haukukatika. Wakauliza, nani amesokota uzi kama huu? Nikawaambia ni dada yake."

Évode akashusha sauti. "Sikiliza. Mama tumwambie ni wimbi. Wimbi limempiga kichwani, basi. Acha anichukie mimi. Mimi nitaondoka na lori, yeye atabaki na wewe."

Kwa hiyo usiku ule Médiatrice alikuwa na mlango wa kutokea. Alihitaji kunyamaza tu. Mama yake angemzika mwanawe akiwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa ameshakubali. Alijilaza mkekani karibu na sanduku, hakufumba macho. Alijaribu kusali, ikatoka sentensi moja: Bwana, nifanye nini? Haikuja sauti. Ulikuja uso wa Évode akisema nimemwosha kwa mikono hii.

Asubuhi, saa tatu, wanaume sita walisimama kando ya sanduku. Évode alikuwa nje kabisa, nyuma ya wanakwaya, na watu walimpisha kama mwenye upele. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba alimwacha mwenzake.

"Ngojeni," alisema Médiatrice.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wanaume waliokuwa wameinamia sanduku waliinuka wakasubiri.

"Mama, umeuliza nini kilimshika. Najua."

Pudentienne aligeuka kwenye kiti chake.

"Uzi ulinasa chini ya maji, na alikuwa ameufunga mkononi. Uzi ule nimeusokota mimi. Unajua, uliniona hapa barazani. Ila kuna kitu hukukiona. Wavuvi walikuwa wamemfundisha kufunga chubwi kwa uzi mbovu, makusudi, ili ikinasa ikatike, yeye avute zana zake aende. Mimi sikujua ni makusudi. Nilizifungua zote, nikazifunga kwa nyuzi za tairi, fundo mara tatu, ili asipoteze vyuma vyangu. Évode alikuwa amelala, ni kweli. Kila dereva hulala. Mimi nilikuwa macho."

Mtu alimziba mtoto mdomo.

"Yeye aliona?" mama aliuliza hatimaye.

"Aliona. Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alisema mzee wa Msasani atamgombeza."

"Akaziacha."

"Akaziacha, mama."

Pudentienne aliangalia sanduku muda mrefu. Halafu kilio alichokikataa siku saba kilitoka, kwa sauti kubwa mno, sauti ambayo Médiatrice hakuwahi kuisikia kwa mama yake, na wanawake walikimbilia kumshika akawasukuma. Alilia hadi akaishiwa pumzi. Kisha alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Angezifungua," alisema, na hakuwa akimwambia mtu. "Mtu mzima, ana mikono. Lakini hakutaka kuifungua kazi ya dada yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mpumbavu yule." Akapumua. "Évode yuko wapi?"

Watu waligeuka, wakamsukuma mbele.

"Ulimwosha?"

"Ndiyo, mama."

"Mkono ulikuwa na alama?"

"Ulikuwa nayo. N-niliufunga kitambaa."

"Asante. Shika mbele, upande wa kushoto."

Mama hakumgeukia Médiatrice. Hakumtazama hata. Lakini walipotoka mlangoni mama alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kama afanyavyo mzee anapotaka kitu cha kuegemea, na Médiatrice akautia mkono wake humo. Ulikuwa mkavu na wa moto.

Walimwombea misa saa nne katika kanisa la parokia. Kwaya iliimba, baadhi yao wakiwa na kola na baadhi bila. Padri hakuhubiri sana. Alisema Bwana aliwaita wavuvi kwanza, kabla ya watu wengine wote, na kwamba Viateur sasa anamjua Yeye ajuaye mambo ya vilindi. Masista walikaa safu ya tatu.

Kutoka hapo lori la Évode lilibeba sanduku hadi makaburini, na watu wakafuata kwa miguu. Njia ilikuwa na utelezi kwa mvua ya alfajiri. Kaburi lilichimbwa upande wa juu, penye udongo mwekundu na mawe machache. Wanaume walilishusha sanduku kwa kamba za turubai, Évode mbele kushoto, na lilikaa sawa mara ya kwanza. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Pudentienne alitupa udongo konzi moja, Médiatrice konzi moja, kisha watu wote, kisha wakafukia kwa sepeto. Msalaba wa mbao uliandikwa jina lake na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria mara kumi. Médiatrice aliitikia zote kumi.

Ilikuwa yapata saa saba na nusu walipomaliza. Walirudi Gatsata wakaosha mikono kwenye mabeseni yaliyowekwa uani, kama ilivyo desturi, wakanywa bia ya mtama, wakakaa. Évode aliondoka saa kumi kwenda kushusha saruji. Pudentienne alimsindikiza hadi barabarani.